Viti vya Pijo ya Marehemu Wakhungu

Baba Joy,

Chai iko kwa thamosi. Githeri upashe, usile baridi. Kuku usisahau kuwafungulia.

Usitafute gari, ile Pijo yetu. Nimeenda nayo Tongaren.

Asubuhi nilikuwa nasafisha viti na sabuni kidogo, maji ya vuguvugu na ule mswaki wa zamani kwenye mishono, ndio ving'are kwa maonyesho ya magari ya zamani Jumamosi. Chini ya kiti cha nyuma nikapata logibuku, kile kitabu cha kuonyesha mwenye gari. Nikafurahi, maana wenye maonyesho wanataka historia ya gari. Kumbe jina lililoandikwa si lako. Ni la Wakhungu wa Tongaren.

Dada yangu ananunua mahindi huko, akanipa namba ya simu ya mjane wa huyo Wakhungu, Mama Wilkista. Ameniambia bwanake alinunua hiyo gari, na wiki hiyo hiyo akamwazima kijana wa Kitale aende kuchukua bibi harusi. Kisha mzee akafa, na kijana hakurudi.

Gathii, huyo kijana ni wewe, na bibi harusi ni mimi! Na ulinishika mkono ukaniambia, "Hii nimekununulia wewe." Miaka thelathini na nane nasugua viti vya watu.

~~Nitarudi jioni.~~ Sijui nitarudi lini.

Mama wa watu hata hakudai gari. Aliniuliza tu kama kiti cha mbele bado ni chekundu, maana yeye hakuwahi kukikalia.

Hicho nimekisugua mara mbili.

~~Mke wako~~
Mama Joy