Sheria ya Neno "Ametuacha"

Mundika, Busia
9 Februari 2025

Kwa dada yangu Winny,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi ni mzima, mama pia, ila goti lake bado linamsumbua, na mihogo mwaka huu imekubali. Je, wewe unaendeleaje huko Malaba? Najua utashangaa kupata karatasi. Lakini wewe hujaingia grupu lolote tangu 2013, na haya siwezi kukwambia kwa simu. Ningekata katikati.

Unakumbuka grupu letu la Facebook, Wana Nambale Mtandaoni? Sasa tuko elfu nne, na hadi jana nilikuwa admin. Wiki jana mwanachama mpya, Salim mwenye duka la vitambaa pale Busia mjini, aliuliza kwa nini sheria yetu ya nne inakataza neno "ametuacha". Watu wakacheka, kila mmoja na hadithi yake. Mmoja akasema ni mambo ya kanisa. Ndipo Barnabas mwenyewe, ambaye kisa kilianzia kwake, akajibu.

Alieleza polepole, bila hasira. Kwamba siku ile ya 2013 babake, mzee Oundo, alikuwa amelazwa hospitali. Yeye alikuwa safarini na lori, na dereva wao, ambaye walimwita mzee kama tunavyoita kila mkubwa, akawaacha mpakani akaenda zake. Barnabas akaandika kwa grupu, "Jameni, mzee ametuacha," kisha simu ikaisha chaji. Dakika chache baadaye mchumba wake akaandika kwamba baba mkwe wake, mzee Oundo, amefariki, poleni familia. Kama mchumba amesema, nani angebisha? Mzee aliporuhusiwa kesho yake alikuta hema uwanjani na ng'ombe ameshachinjwa. Akasema aliyemlilia akiwa hai hataolewa kwa boma lake.

Mchumba huyo ni wewe, dada. Uliapa hukuandika. Nami nilikaa kando yako nikasema labda ni virusi vya kompyuta.

Hakukuwa na virusi. Ni mimi. Tulikuwa saiba, pale tulipolipia kutumia intaneti, ukatoka nje kupokea simu, ukaacha ukurasa wako wazi. Niliona maneno ya Barnabas nikashikwa na kiherehere. Nilitaka jina lako litangulie kutoa pole, watu waone mkwe ana adabu. Mambo yalipoharibika nikaogopa, na kila mwaka nikaona nimechelewa zaidi. Hata sheria ya nne niliitunga mimi, na watu wakanisifu eti nina busara. Winny, naona aibu hata kuandika jina lako hapa.

Jana niliandika ukweli wote kwa grupu, kwa jina langu kamili, kisha nikaacha uadmin. Nilipaswa kuanza na wewe, nikashindwa. Mzee Oundo alishakufa, hatasoma. Barnabas alisoma. Hakunitukana. Aliuliza tu kama bado uko Malaba, na kama ungekubali mwonane.

Sikumjibu. Jibu hilo ni lako, na mimi siandiki tena kwa jina lako. Namba yake iko nyuma ya bahasha.

Msalimie jirani yako Apio. Mama anakusalimu sana. Yeye bado hajui, nitamwambia Jumapili ijayo tukitoka kanisani. Usiponiandikia, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Zilpa