Barua Haihemi

Uswidi, 17 Novemba 1974

Kwa kaka Stanislausi,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo nikiwa nje siyasikii kama ni yangu. Natumaini wewe, shemeji Jenoveva, watoto na ng'ombe mnaendelea vizuri, na kifua chako kimekupa nafasi.

Hukuja Musoma kuniaga. Sababu naijua. Mwezi wa saba nilisimama kwenye mkutano pale Guta nikasema wanaokataa kuhamia kijiji cha ujamaa wanaogopa maendeleo, nikakutaja kwa jina. Nisamehe kwa hilo la jina.

Lakini kaka, ondoa hasira kidogo tujadiliane. Kwanza, mtoto wako Nyamburi anatembea saa mbili kwenda shule. Pili, mwaka juzi shemeji alijifungulia njiani kwa sababu zahanati iko mbali. Tatu, serikali haiwezi kuleta bomba la maji kwa kila mtu aliyejitenga na mihogo yake. Nne, ardhi ilikuwa ya watu kabla haijawa ya baba. Nijibu hata moja tu.

Huku nafundishwa mashine za kuchambua pamba kwenye nchi isiyo na pamba. Saa tisa alasiri jua limezama. Tangu nifike hakuna aliyeniita kwa jina langu.

Mdogo wako,
Thadeo


Guta, 20 Desemba 1974

Mdogo wangu Thadeo,

Sisi wazima, kwa kiasi chetu. Kifua kinanibana asubuhi, mchana kinaniachia. Jenoveva anasema vaa soksi mbili.

Barua yako nimeisoma. Msamaha una mstari mmoja, hoja zina ukurasa mzima. Ndivyo ulivyokuwaga tangu utoto: ukivunja chungu, unaeleza kwanza jinsi kilivyofinyangwa vibaya.

Umesahau desturi ya nyumbani kwetu? Mdogo akimkosea mkubwa, anakimbia kutoka alipo hadi kwenye kizingiti cha mkubwa, bila kusimama. Baba yetu Wanzagi alimkimbilia mjomba aliyeitwa Kwangu kutoka Butiama, mtu mzima mwenye watoto. Baba alikuwaga akisema, anayehema hawezi kubishana. Mkubwa anasikia pumzi kwanza, maneno baadaye.

Barua haihemi, Thadeo. Ukirudi, shuka Bunda. Kutoka hapo hadi kwangu unajua ni maili nane. Kama unaona ni ushamba, basi tuendelee hivihivi mpaka mmoja wetu azikwe.

Kaka yako,
Stanislausi


Uswidi, 12 Januari 1975

Kaka yangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wote wa nyumbani. Soksi ninavaa tatu.

Nimekusikia. Nina miaka hamsini na tatu na tumbo la fundi mkuu, lakini nimeanza. Huku nje theluji inafika magotini, na ziwa limeganda hadi watu wanatembea juu yake wakivuta watoto. Kwa hiyo wamejenga nyumba ya kukimbilia. Usicheke. Ni ukumbi mkubwa wenye paa na taa, na ndani yake njia inazunguka. Kilomita moja ni raundi tano. Maili nane zinakuwa raundi sitini na tano. Nimehesabu mara mbili.

Siku ya kwanza nilifanya kosa. Unajua kwetu mtu hampiti mwenzake kwa nyuma kimyakimya, labda awe mwizi wa ng'ombe. Kwa hiyo kila niliyempita nilimsalimia, na kila aliyenipita nilimsalimia. Tukizunguka tunakutana tena, namsalimia tena. Raundi ya tisa pumzi ikaisha, na iliyoimaliza ni salamu. Hakuna aliyeitikia. Mama mmoja alihamia njia ya nje kunikwepa.

Sasa nakimbia kimya kama wao. Tunakuwa watu kumi na wawili hivi, kila jioni walewale. Nawajua kwa visigino vyao. Kuna mzee wa soksi za kijani, labda ana miaka sabini, ananipita kila raundi ya nne bila kunitazama. Tuko mita moja, kaka, na mimi niko peke yangu kuliko mtu aliyepotea porini. Porini angalau ukiita, mwangwi unakujibu.

Nimefika raundi ishirini na mbili. Hoja zangu bado ninazo, lakini sitaziandika.

Mdogo wako,
Thadeo


Guta, 9 Februari 1975

Thadeo mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na sisi tunavuta pumzi. Ng'ombe mmoja amekufa, yule mwekundu.

Nimemsomea Jenoveva kwamba watu wanatembea juu ya ziwa. Amesema Padri Felisian husoma habari hiyo kanisani na hata pale Petro alizama, kwa hiyo uwe mwangalifu. Kuhusu wasioitikia salamu, usiwahukumu. Huenda na wao wanamkimbilia mtu.

Mgambo walipita wakaandika nyumba kwa chokaa. Yangu ni namba 41. Mwenyekiti Magige ametuahidi tutaachwa mpaka pamba ivunwe, ndipo tuhame. Sikumbishia. Nimechoka, na sina ulimi wako.

Usikae sana huko. Jiwe la baba, lile alilokuwaga akikalia, nimelisogeza karibu na kizingiti. Siku utakayosema nitakaa hapo tangu asubuhi, nisikilize. Masikio bado ni mazima.

Kaka yako,
Stanislausi


Uswidi, 23 Machi 1975

Kaka Stanislausi,

Shikamoo, na pole kwa yule mwekundu. Alikuwa na maziwa.

Jana nimemaliza raundi sitini na tano. Ilipofika hamsini wote walikuwa wameondoka, akabaki wa soksi za kijani, ameshavaa koti, ameketi kwenye benchi. Nilidhani ananisubiri nitoke azime taa. Nilipomaliza nikainama, mikono magotini. Alikuja akasimama karibu, akasikiliza jinsi ninavyohema, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali jambo, akaenda zake. Miezi miwili na nusu, na huo ndio mkutano wetu. Nilitaka kumwambia ninakimbilia wapi. Sikuwa na maneno ya lugha yake, wala pumzi.

Jumamosi tarehe 19 Aprili nitashuka kwenye basi Bunda asubuhi, nianze hapohapo. Kaa kwenye jiwe.

Mdogo wako,
Thadeo


Kigera, Musoma, 20 Aprili 1975

Kaka yangu,

Sijui nikusalimie ukiwa wapi. Naiandika barua hii kwa sanduku lilelile la posta la parokia, labda itakufikia.

Jana nilikimbia. Sikusimama hata kwenye kilima. Niliitazama njia tu, mpaka nikafika kwenye michongoma yako, nikainua uso.

Paa hakuna. Ukuta wenye namba 41 umesimama peke yake. Mafiga matatu yapo, na majivu yamenyeshewa. Jiwe la baba liko pale ulipolisogeza.

Pamba haijavunwa, kaka. Iko shambani.

Nilihema hapo na hapakuwa na mkubwa wa kusikia. Nilisubiri mpaka jua la utosi. Ningeweza kuuliza walikowapeleka, nikaona haya. Nilirudi Bunda kwa kutembea.

Nisamehe.

Thadeo


Kijiji kipya, 4 Mei 1975

Thadeo mdogo wangu,

Tupo. Jenoveva anakusalimu. Kifua hakipendi vumbi la hapa.

Barua zako mbili nimezipata juzi kwa pamoja. Padri hakujua tumewekwa mstari gani. Hapa nyumba zimepangwa kama madawati ya shule, na yangu ni ya nne kutoka mwisho. Shule ipo karibu, hilo ulisema kweli. Maji bado.

Walikuja tarehe 27 Machi na lori. Kijana aliyepanda juu ya paa alituambia tunaogopa maendeleo. Aliyasema kama ulivyoyasema, hata mkono aliunyoosha hivyohivyo. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Barua yako ya mwisho haina hoja hata moja. Nilidhani imeandikwa na mtu mwingine.

Skolastika, jirani yetu wa kule Guta, alikuwa amerudi kuchimba mihogo yake siku ile ya Jumamosi, alikuwa nyuma ya michongoma. Anasema alikuja mtu mwenye mvi, amelowa jasho, akafika kwenye kizingiti changu. Jiwe lilikuwa tupu na hakulikalia. Aliinama, mikono magotini, akahema muda mrefu, hadi yeye akaogopa kumsogelea. Anasema hajawahi kusikia mtu akihema vile.

Nimemwambia anisimulie tena. Amenisimulia mara tatu.

Inatosha, mdogo wangu. Njoo polepole.

Kaka yako,
Stanislausi