Unga wa Mama Huko Makumbusho

Unguja, Jumamosi

Eti jiwe la kusagia ni kitu cha kale, halitumiki tena. Ndivyo alivyotuambia mzee wa makumbusho mbele ya kabati la kioo, na kibao cha Kiingereza kinamuunga mkono. Jumapili iliyopita, kijijini kwetu Laela, huko bara, mama alisaga ulezi juu ya jiwe kama lile.

Anatoli, mwenzangu wa darasa, akaninong'oneza, "Kamwambie mama yako kwamba naye ameshatoweka."

Halafu mwalimu akamkabidhi mzee zawadi yetu, unga ule wa ulezi aliousaga mama. Mzee akausugua kwa vidole, akanigeukia. "Laini kweli. Mmesaga kwa mashine gani, mwanangu?"

Darasa zima likanitazama.

"Ya kijiji cha ujamaa, mzee. Mpya."

Mama ataniuliza kama waliusifu unga wake. Waliusifu sana, mama. Walisifu mashine.