Jina la Astride kwenye Kioo cha Polisi

Dilala, Kolwezi, Jumanne, saa tisa alasiri. Mvua imekoma, joto limerudi, na nina hasira ambayo sijaionja tangu nilipoacha kufundisha.

Shemeji yangu Astride yumo mahabusu tangu jana asubuhi. Ni mdogo wa mke wangu, mjane, anauza unga wa mihogo sokoni, na anaishi nasi. Polisi wawili walimkuta kwenye meza yake wakamwamuru apande pikipiki katikati yao. Soko zima lilitazama. Wengine walinyanyua simu wakampiga picha, na kabla sijaletewa habari kwa mdomo wa mtu, picha hiyo ilikuwa imekwisha kuzunguka katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Chini yake, neno moja: mwizi.

Mwizi! Mwanamke ambaye hupima unga na kuongeza kiganja kizima juu.

Shtaka lenyewe ni hili. Mke wa dereva wa lori, huko Fungurume, alipigiwa simu. Sauti ya mwanamume ilimwambia kwamba mumewe amegonga mtu barabarani, amefungwa, na asipotuma pesa upesi kwa simu atapelekwa gerezani. Alituma alichokuwa nacho, akakopa kwa jirani, akatuma tena. Wakati huo mumewe alikuwa Kasumbalesa, anangoja zamu ya kuvuka mpaka, anakula maharage yake kwa amani. Laini iliyopiga, puce kama tunavyoiita huku, imeandikishwa kwa jina la Astride.

Sauti ya mwanamume. Lakini nani anajali sauti?

Nilikwenda kituoni jana. Inspekta alikuwa mwanafunzi wangu katika darasa la tano, na sikuwahi kumwona akimaliza zoezi bila kuchungulia la mwenzake. Aliniita Tata, yaani baba, lakini hakuinuka kitini. Alinigeuzia kioo cha mashine yake.

"Tata Mwalimu, soma weye mwenyewe. Jina njo hii, picha ya kadi njo hii. Mashini haisemake bongo, haidanganyake."

Nilimuuliza kama ametafuta simu yenyewe imo mikononi mwa nani. Nilimuuliza kama yule mke wa dereva ameitwa aisikie sauti ya Astride.

"Juu ya nini, Tata? Kazi imeisha."

Astride alinisikia, akapaza sauti kutoka nyuma ya mlango wa chuma: "Shemeji, basema niko na puce ya pili! Mi hata kuandika message sijue!"

Polisi wa mlangoni alicheka. "Eh, mama! Lakini kuiba kwa simu unajua muzuri!"

Nilipokuwa kijana, wezi walikata nyaya za shaba nyuma ya nyumba za kampuni ya madini, na polisi alikuja kwa miguu. Aliuliza majirani, akainama kutazama nyayo katika vumbi jekundu. Simsifu kupita kiasi, maana mara nyingine alimpiga asiyehusika. Lakini alitoka nje. Leo mwizi haondoki chumbani mwake, na polisi haondoki kitini. Anayetolewa nje ni Astride.

Nililiandikia kundi la mtaa kwamba mtu asiyehukumiwa haitwi mwizi. Walinijibu kwa vile vichwa vya njano vinavyocheka. Mmoja wao nilimfunga kamba za viatu alipokuwa na miaka sita.

Haya yote ni kweli, na nimeyaandika kwa hasira. Lakini nimeacha jambo moja.

Puce ile niliinunua mimi.

Wachimbaji wanafika Kolwezi kutoka pande zote za nchi bila kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Bila kadi huuziwi puce ya simu. Kwa hiyo huenda kwa mzee wa mtaa, naye huwasindikiza hadi kwa muuzaji chini ya mwavuli wake, na namba huandikwa kwa jina la mzee. Nimewafanyia wengi hivyo. Niliita wema.

Placide alipofika kutoka Kasai kuchimba kobalti, tulimpa chumba cha uani. Alisema Kiluba cha Kasai kama bibi yangu, mama wa baba, alivyokisema. Ningemkataliaje? Lakini safari hiyo muuzaji alinirudishia kadi: "Jina yako imejaa puce, Tata. Leta ya mutu mwingine." Nilirudi nyumbani. Astride alikuwa sokoni. Nilitoa kadi yake katika sakoshi, mkoba wake uliotundikwa nyuma ya mlango, muuzaji akaipiga picha, nikairudisha kabla Astride hajarudi. Sikumwambia kitu. Placide alihama wakati wa kiangazi, akisema amepata shimo jipya. Nimempigia tangu jana. Hapatikani.

Maneno hayo yote yalikuwa mdomoni mwangu mbele ya inspekta. Aliniita Tata Mwalimu, nami nikayameza. Nilisimama pale nikimfundisha jinsi ya kutafuta ushahidi, na ushahidi ulikuwa mimi. Kwa ajili ya heshima yangu, mwanamke asiye na kosa alilala juu ya saruji.

Ni aibu. Sina neno jingine.

Sasa hivi mke wangu alikuwa akimpakulia mdogo wake bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Bila kuinua macho aliniuliza: "Kadi ya Astride haitokake mu sakoshi yake. Nani aliikamata?"

"Ni mimi," nikasema. Nikamweleza yote.

Nilitazamia kelele. Alifunika chakula, akafunga kitambaa mafundo mawili, akakiweka mikononi mwangu.

"Basi leo utapeleka weye. Na usirudi peke yako."

Nitamwambia inspekta aandike: jina la Placide, mahali pa mwavuli wa muuzaji, siku niliyoichukua kadi, na jina langu. Akitaka kuniweka mahali pa Astride, ainuke kitini afungue mlango. Baadaye nitaandika vilevile katika kundi la mtaa, wacheke wanavyotaka.

Kesho ni mbali mno kwa mtu aliyefungwa. Chakula bado kina moto. Natoka.