Wafalme Wanne wa Sitara

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
Dar es Salaam
9 Agosti 1983

Dada, Sitara ametoka! Hana kesi, na dhahabu yake wamemrudishia yote!

Sasa ndiyo nikusalimu. Shikamoo dada yangu Mwanamkuu. Kilwa hamjambo? Na ule mguu wako? Sisi wazima, ila kwa siku nne tulikuwa wazima wa kupumua tu.

Unajua mwanao yuko kwa sonara hapa mtaani, na kwa mikono hana mfano Dar nzima. Wateja ndio wanaosema, si mimi. Wanawake wakileta vidani vya zamani viyeyushwe, Sitara huvipekua kwanza. Akiona sarafu ya Kihindi ya kale, humpa mwenyewe dhahabu nyingine ya uzito uleule, akatwe yeye mshahara, ili ile isiingie motoni. Miaka sita kapata nne. Upande mmoja mfalme kashika upinde, upande wa pili mwanamke kaketi juu ya ua. Hata sonara, Mhindi mzima, maandishi yake yanamshinda!

Basi Alhamisi wakaja mgambo. Mwaka huu unavyoujua, watu wanatupa hata sabuni mtaroni wasiitwe wahujumu uchumi wanaoficha bidhaa. Wakasema wamesikia Sitara anaficha dhahabu ya Hazina. Hazina ya Serikali, dada! Wakamchukua yeye na sarafu zake zote nne hadi kituoni.

Jana akaletwa bwana mmoja msomi wa mambo ya kale. Akazigeuzageuza, akasema ni za wafalme wa Bara Hindi, zina zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, na aliyeziokoa apewe asante. Mkuu wa pale akacheka, akasema kweli, Hazina yetu haijapata kutoa pesa yenye mama kakaa juu ya ua. Sitara yeye akaomba tu wazishike pembeni, zisikwaruzwe. Katoka mahabusu na hilo ndilo neno lake la kwanza! Mwanangu huyo.

Sasa hili nakwambia wewe kwanza. Mtaa mzima unasema aliyetuchoma ni Evarista, jirani yangu wa chumba cha mbele. Sitara hamwitikii hata salamu. Dada, si Evarista. Ni mimi. Tulikuwa foleni ya sukari, Evarista akamsifu mwanawe kapata ukarani, nami nikashindwa kunyamaza, nikapaza sauti kuwa wangu ana hazina ya dhahabu chini ya godoro. Foleni unaijua. Neno lilipofika mwisho, Sitara kashavunja Hazina.

Evarista alisimama ubavuni kwangu, alisikia kila kitu, na hakunitaja. Matusi kayameza, na chakula cha Sitara mahabusu akakipeleka yeye, mimi nikilia kitandani.

Msalimie shemeji na watoto wote. Tunasoma maulidi ya shukrani. Evarista nitamkalisha mbele, nami nitasimama niseme kwa mdomo huuhuu, Sitara asikie. Uje unishike mkono. Njooni nyote Jumamosi, tarehe 27 Agosti, baada ya Alasiri.

Mdogo wako,
Sabaha, mama yake Sitara