Vifo Viwili vya Babu

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi kaniita. Ana miaka sabini na tisa, moyo umeanza kumchezea, na ameshaamua: akifa azikwe ubavuni mwa baba yake. Basi. Ila msimamizi wa makaburi anataka uthibitisho kwamba kaburi lile ni la babu kweli. "Wewe si ndiye msomi wetu? Kalete karatasi." Msomi! Nafundisha jiografia, na juzi nilipotea ndani ya hospitali. Nimemwahidi siku mbili. Mama watoto kaguna tu.

Jumatano, 5 Machi

Cheti cha kifo nimekipata! Babu, fundi saa, kafariki 1951 kwa homa. Aliyetoa taarifa: mkewe. Yaani bibi. Nikaenda kwa msimamizi kifua mbele. Mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Kafungua daftari, kidole kikashuka, kikasimama. Kiwanja namba arobaini na moja: kimetengwa. Tarehe ya maziko — mstari mtupu.

"Hapa hajazikwa mtu, mwalimu."

Nikamwambia shangazi yangu analeta maua pale kila mwezi tangu usichana wake. Akasema ndiyo, anamfahamu, mama mkarimu sana. Ila hajazikwa mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi sijamwambia. Nimesema ofisi ilikuwa imefungwa. Halafu nikajitia wema: nikachukua saa yake ya ukutani, aliyoachiwa na babu, iliyosimama tangu mwaka jana, nikaipeleka kwa fundi wa kona. Huenda mafundi wanajuana hata makaburini.

Fundi kafungua mgongo wa saa, kabana lenzi jichoni, kacheka. Kumbe hawa watu wana siri yao! Kila akitengeneza saa, fundi huchora alama yake ndani ya kifuniko kwa ncha ya sindano, na mwaka. Ya babu ni samaki asiye na mkia. 1949.

"Samaki huyu namjua!" Akashusha saa nyingine rafuni, ya mteja kutoka mji ule wa mwisho wa reli. Samaki yuleyule. 1958.

Miaka saba baada ya homa! Fundi: "Babu yako mchapakazi, bwana. Hata kufa hakukumzuia."

Jumapili, 9 Machi

Nimekitazama cheti asubuhi nzima. Aliyetoa taarifa: mkewe. Bibi yangu, asiyeua hata mende! Mume kamwacha, naye kaenda ofisini kumwandikia homa. Kamtengea na kiwanja. Mwenye akili yule. Mjane angeambiwa pole. Aliyeachwa angeulizwa kafanya nini.

Jumanne, 11 Machi

Nimepanda treni hadi mwisho wa reli. Karani wa makaburi — mama mwenye sauti ya mwalimu mkuu — kanisomea: fundi saa, kazikwa 1974. Aliyetoa taarifa: binti yake. Halafu akasoma jina la binti. La shangazi! Lake na la baba yake, herufi kwa herufi. Nikasema hapana, huyo nimemwacha nyumbani anakunywa chai.

"Anakaa mtaa wa pili," kasema karani. "Kazaliwa hamsini na tano. Ijumaa alikuja kung'oa majani."

Na nafasi ya ubavuni mwa babu? Imeshawekwa. Kwa jina hilohilo.

Nimepewa namba ya simu. Kurudi stesheni nikapotea.

Jumamosi, 15 Machi

Nipo sebuleni kwa shangazi, naandikia mapajani. Nilikusudia kumpa nusu. Kanikazia macho nikamwaga yote: homa, kiwanja, samaki, treni.

Shangazi: "Sasa maua yote yale nilikuwa nampelekea nani?"

"Nyasi, shangazi."

Kacheka mpaka nikaanza kutafuta dawa zake. Nikamtajia jina la yule binti. Hapo hakucheka.

"Baba alinikumbuka, au alinibadilisha?"

Nikasema mimi ni wa jiografia.

Kageukia dirishani. Aliporudi alikuwa yuleyule. "Kwa hiyo ubavuni mwa baba pameandikwa jina langu."

"La mwenzio, shangazi."

"Hilo tutaongea naye. Lete namba."

Anabonyeza mwenyewe. Kakosea mara mbili, hataki msaada. Namuuliza atajitambulishaje. Kanitazama kama nimeuliza upuuzi: "Jina si analijua?"

Simu iko mezani, spika wazi. Inaita. Kajifunga kitambaa upya, kana kwamba simu ina macho. Inaita tena. Namwambia labda hayupo. "We nyamaza, andika huko."

Imepokewa!

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Sauti ya shangazi tupu. Mkwaruzo uleule, uharaka uleule. Shangazi mwenyewe kaziba mdomo kwa kiganja. Macho yamejaa. Ananisukumia simu mimi —