Koti Langu Nyuma ya Mashine

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, baridi ya kuvaa koti.

Nianze na neno lenyewe, nisije nikalizunguka: nina wivu. Wivu juu ya Riziki, dada wa Bukavu tunayefanya naye kazi. Leo wivu huo umenifanyisha jambo ambalo sijamwambia mtu.

Kwa wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa maabara, nimesoma mpaka kidato cha sita, na kwa miezi minane nimetunza spektrometa ya masi, ndogo, ya kubeba, ukubwa wa sanduku la cherehani. Inanusa mvuke wa petroli na kupima uzito wa chembe zake, ili tujue kama mtu amechanganya mafuta ya taa. Mvuke unapita kwenye utando mwembamba kama ganda la kitunguu, unaingia kwenye chumba ambacho pampu imekifyonza hewa yote. Kwenye skrini panatokea mstari wenye vilele. Mashine ikiwa safi, mstari unalala bapa na hata kilele kidogo kabisa kinaonekana. Ikiwa chafu, mstari unaota majani na mafuta ya taa yanajificha humo.

Asubuhi zangu zilikuwa majani matupu.

Riziki ana miezi mitatu tu. Zamu yake ni ya mchana, mimi nikiwa nimeshakwenda stoo ya sampuli jengo la pili. Mistari yake inalala kama shuka lililopigwa pasi. Nilimchungulia. Niliandika kila anachofanya, hata sekunde anazosubiri kabla ya kufungua vali. Nikafuata vilevile. Majani.

Daktari, mkuu wetu, ananiita Haji ingawa Makka sijafika. Wiki iliyopita aliniuliza mbele ya watu, "Haji, huyu dada wa Congo amekuroga ama amekushinda?" Wakacheka. Nami nilicheka.

Kisha akatangaza: mashine inakwenda Malaba, mpakani, kupima malori ya mafuta. Atakayeifanya ione kiasi kidogo zaidi cha mafuta ya taa ndiye atakayekwenda nayo na kuwa mtunzaji wake. Jaribio la Riziki leo, langu kesho.

Naitaka safari hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kazini.

Jumanne tulipishana mlangoni. Riziki akanusa hewa, akacheka. "Kaka Twaha, weye unaendaka arusi kila asubuyi?"

Ni udi. Mke wangu Zuhura hufukiza nguo zangu kila siku, kama mama yake alivyomfanyia baba yake, na kama walivyofanya babu zetu waliokuja na biashara kutoka pwani. Mimi mwenyewe siusikii tena.

Nilicheka, nikapita. Nilipofika stoo miguu ikasimama.

Nikafungua daftari. Miezi minane, asubuhi tano tu safi, zote zimefuatana. Ni wiki ile Zuhura alipokuwa Jinja kwa dada yake aliyejifungua. Nilikuwa nimevaa mashati yaliyotoka kwenye kamba moja kwa moja.

Jana asubuhi, nikiwa peke yangu, nilisogeza mkono wa shati karibu na utando. Majani yakapanda, tena palepale yanapokaa mafuta ya taa. Nikauondoa. Baada ya dakika ishirini yakashuka. Nikarudia mara tatu, nikaandika.

Uchafu niliousaka miezi minane ulikuwa mimi.

Mtu mwema angeita wenzake. Mimi nililifunga daftari.

Leo Riziki alifika asubuhi kwa ajili ya jaribio, ameshika viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Bwaise, mtaa anakokaa, maji yalikuwa yameingia majumbani. Aliosha miguu bombani, akaanza jaribio lake. Nikaingia, nikasema koti langu limelowa, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mashine.

Halikuwa limelowa sana.

Nilisimama dirishani nikijifanya natazama mlima wa Naguru kwenye ukungu. Nyuma yangu nikamsikia Riziki akiifunga vali na kuifungua tena na tena. Daktari, aliyekuja kushuhudia jaribio, akasema, "Hata wewe?" Riziki akajibu, "Munisamehe, Daktari. Ni kosa yangu."

Alibadilisha utando. Alifungua kila kiungo cha bomba, akakipangusa. Chakula cha mchana hakula. Nilipochukua koti langu alikuwa bado ameinama. Hakuliangalia.

Halafu jioni, tukifunga, akanifuata. "Kaka Twaha, weye unaandikaka byote. Niangaliye mu daftari yako, nilikosea wapi?"

Nikamwambia nitaangalia.

Nimeangalia. Liko hapa mbele yangu, ukurasa wa Jumatano, mwandiko wangu mzuri, saa na dakika.

Zuhura ameshatoa kanzu ya kesho. Ijumaa udi huwa wa nguvu zaidi. Nimemwambia kesho asifukize. Ameshika chetezo cha udi akaniuliza, "Kwani nimekukosea nini, Baba Sumaya?" Nimemjibu, "Hujakosea. Ni mambo ya kazini." Hajaniamini, na nusu ya jibu langu ni uongo.

Nikienda na nguo isiyo na udi nikanyamaza, nitashinda. Mstari utalala, Daktari atanipa mkono, nami nitapanda gari la Malaba. Hakuna atakayejua.

Lakini atakuwa Riziki mezani, anafungua viungo safi, anatafuta kosa lake.

Nimekunja pembe ya ukurasa wa Jumatano. Chini yake nimeongeza mstari wa leo: saa nne na dakika kumi, koti limetundikwa, na nani. Nitampa Riziki daftari kabla sijawasha mashine, kisha nitamwomba Daktari jaribio la leo lirudiwe.

Nimeyaandika haya hapa mapema, mnaonisoma mkiwa mashahidi, kwa sababu najua nitakavyobadili nia kesho nikiwasha mashine kwanza na kuuona mstari wangu umelala bapa.